Pikapu Mbili na Benchi Moja

Kijiwe chetu hakina mengi. Kina benchi moja refu la mbao, nguzo moja ya umeme iliyoinama kidogo, Bi Birika na kahawa yake, na mimi fundi viatu niliyejibanza ukutani na nyundo yangu. Kwa kuwa nakaa chini, watu wote mimi nawaanzia miguuni. Mdomo wa mtu utakwambia lolote, lakini soli haijui kudanganya. Nozeli, fundi wa injini za dizeli aliyewahi kuendesha malori, humaliza kisigino cha kulia, cha mguu wa mafuta. Plagi, dereva wa teksi ya petroli, humaliza soli ya kushoto kwa ajili ya klachi. Hakimu ni kinyozi wa banda la pili kutoka hapa. Soli zake huisha sawasawa, maana husimama kutwa, na hajawahi kushika usukani hata wa baiskeli. Ndiyo maana tulimpa uhakimu. Hana upande. Siku hiyo wote watatu walikuwa benchini tangu saa tatu asubuhi, na kesi ilikuwa ya Randa, seremala wetu.

Randa mwenyewe alikuwa amesimama. Randa huwa haketi kwenye benchi letu, na hakuna anayemuuliza, kwa sababu sote tunajua.

Kesi ilikuwa hivi. Ng'ambo ya barabara kuna yadi ya magari, na kwenye yadi kulikuwa na pikapu mbili zimeegeshwa pua zikitutazama, migongo imeegemea ukuta. Ya bluu ilikuwa ya dizeli, milango minne, inang'aa mpaka unaweza kujinyolea ndevu kwenye boneti. Nyeupe ilikuwa ya petroli, milango miwili, uso wa mtu aliyezoea kazi. Randa alikuwa na uwezo wa kuchukua moja. Mwenye yadi alikuwa amemwambia waziwazi: saa sita anakuja mteja wa kuzibeba zote mbili, kwa hiyo achague kabla. Na Randa alikuwa amepata kazi ya kumtoa: vitanda arobaini vya bweni la shule. Mwalimu mkuu alimwambia kitanda cha kwanza kitakachofika na mkwaruzo kitarudi nyumbani pamoja na wenzake wote thelathini na tisa. Miaka yote hiyo Randa alikuwa akipeleka mizigo kwa mkokoteni.

Sasa mtu wa namna hiyo unamsaidiaje? Sisi tulimsaidia kwa kuongea.

Nozeli: Randa, nisikilize mimi. Dizeli haina plagi. Na kitu ambacho hakipo hakiharibiki. Umenielewa hapo?

Randa: Nimekuelewa.

Plagi: Na akili je? Nayo isipokuwepo haiharibiki?

Hakimu: Plagi, ngoja zamu yako. Nozeli, jenga hoja.

Nozeli: Hoja imeshajengwa, imeezekwa, inasubiri rangi tu. Mimi nimeendesha lori la dizeli mwaka mzima betri ikiwa imekufa. Mwaka mzima! Kila jioni naegesha mlimani. Asubuhi naachia breki, linateremka, natia gia, linawaka. Halijui betri wala mama yake betri.

Plagi: Na ukialikwa bondeni?

Nozeli: Siendi.

Bi Birika: Kumbe! Ndiyo maana harusi ya mwanangu hukuja.

Nozeli: Mama, ukumbi ule ulikuwa shimoni. Ningetoka vipi?

Bi Birika alimmiminia kahawa nusu kikombe, na sote tukaelewa kwamba ile nusu nyingine ilikuwa ya harusi.

Plagi: Zamu yangu. Petroli, asubuhi ya baridi, ufunguo mara moja, imeitika kama mke mpya. Dizeli mpaka uibembeleze. Vuu, vuu, vuu, mtaa mzima umeamka, watoto wanalia, na wewe bado uko getini. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.

Nozeli: Debe tupu ni tangi lako. Kila jioni linalamba upepo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Plagi: Tangi langu lilipata tatizo mara moja tu, lilitoboka. Nikaliziba kwa kipande cha sabuni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, sivyo? Nimeliendesha hivyo miaka miwili.

Hakimu: Sabuni gani?

Plagi: Ya kufulia, sabuni gani tena? Ikinyesha linatoa povu, watu wanadhani nimetoka kuliosha.

Randa: Na mzigo je? Ipi inabeba mzigo vizuri?

Nozeli: Mzigo unabebwa na injini, bwana, haubebwi na bati la nyuma. Hilo bati ni sinia tu. Wewe tazama anayelibeba sinia.

Hata Plagi alikubali hapo. Na mimi nilikubali, nikagonga msumari mmoja kwa nguvu kuunga mkono. Nasema hili mapema ili msije mkadhani nilikuwa na busara kuliko wenzangu.

Hakimu aliweka kikombe chini. Hakimu akiweka kikombe chini, ujue tunaondoka kwenye mambo ya kawaida.

Hakimu: Jamani, mimi sijui injini, lakini najua vichwa. Nimenyoa vichwa miaka kumi na tisa. Sasa niwaambie nilichokiona. Dereva wa dizeli anaanza kunyonyoka utosini. Kwa nini? Mtetemo. Injini inatikisa kiti, kiti kinatikisa mgongo, mgongo unatikisa kichwa, nywele zinalegea kwenye mizizi. Nozeli, vua kofia.

Nozeli: Sivui.

Hakimu: Ushahidi umekataa kuvua kofia, nimeuandika hivyo hivyo. Dereva wa petroli yeye nywele hazitoki, ila zinaota mvi pembeni, hapa masikioni. Ni ile harufu. Inapanda polepole.

Plagi: Hizi ni za urithi! Baba alikuwa nazo.

Hakimu: Baba yako aliendesha nini?

Plagi akajishika mvi za sikioni.

Plagi: Petroli.

Hakimu: Haya. Kwa hiyo, Randa, kabla ya kununua gari, jiulize kwanza unataka kichwa cha aina gani.

Randa alijipapasa kichwa. Masikini wa Mungu, aliifikiria kweli. Nilimwonea huruma, maana nilikuwa natazama viatu vyake, na viatu vya Randa vina habari yao. Watu wote humaliza visigino au katikati ya soli. Randa humaliza ncha, kwa sababu ya kusukuma mkokoteni. Mtu anayesukuma hukanyaga kwa vidole, kisigino hakigusi chini. Kila baada ya wiki chache huniletea vile vile viatu nimwekee ncha mpya, na kila mara visigino vinanitazama vizima kama siku vilipotoka dukani.

Na hilo benchi sasa. Hilo benchi lilikuwa kitanda. Randa alikitengeneza kwa ajili ya bwana harusi mmoja wa mtaa wa juu, mbao ngumu, kichwani kachonga maua, mke wa Randa kakipiga vanishi mara tano. Alikipeleka kwa mkokoteni, na kwa kuwa kilikuwa kirefu, kilichomoza nyuma. Alipokata kona hapa kijiweni, sehemu iliyochomoza ilikwenda kuipiga nguzo ya umeme. Nilisikia mlio ule na sijausahau. Ubavu, ule ubao mrefu wa pembeni, ulipasuka mwishoni, maua yakang'oka. Alifika nacho hivyo hivyo kwa bwana harusi, na bwana harusi, mbele ya wakwe waliokaa barazani, akamwambia ageuze. Tukamwona Randa anarudi na kitanda chake barabarani mchana kweupe. Hakuna aliyecheka. Hata Hakimu alijifanya anasafisha mashine yake ya kunyolea. Wiki iliyofuata zile mbavu mbili za kitanda zilikuwa benchi, limewekwa kijiweni. Ufa uko palepale mwishoni, upande wa nguzo. Tunakalia benchi hilo kila siku, na yeye hakai.

Basi ndiyo maana nasema ile asubuhi haikuwa mchezo, japo sisi tulikuwa tunaicheza.

Nozeli: Tena dizeli inadumu. Unamwachia mtoto, mtoto anamwachia mjukuu. Adui wake ni mmoja tu. Maji. Maji yakiingia kwenye mafuta, pampu imekwisha, nozeli zimekwisha, na wewe umekwisha.

Hakimu: Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Nozeli: Umesema nini?

Hakimu: Kwamba ukienda kituo cha mafuta usimsifu mtu. Jaza, lipa, nuna, ondoka.

Plagi: Mnaona? Gari gani hilo la kununia watu? Petroli maji yakiingia inakohoa mara mbili, inatema, safari inaendelea. Halafu kuna siri moja sijawahi kuwaambia. Petroli, ukiiacha wazi, inakwenda wapi?

Randa: Inapotea hewani.

Plagi: Inapanda! Asili yake ni kupanda. Kwa hiyo gari la petroli likiona mlima, mafuta yenyewe yanataka kwenda juu. Wewe ni kushika usukani tu.

Nozeli: Ndiyo nini hiyo? Dizeli ni nzito. Kitu kizito ndicho kinachosukuma. Umewahi kuona mtu mwembamba akisukuma ukuta?

Plagi: Umewahi kuona mtu mnene akipanda mlima?

Bi Birika: Mimi hapa nashuka na kupanda kila siku na birika mkononi. Mnasemaje?

Hapo wote wawili waligundua kwamba vikombe vyao vina kitu cha kutazama ndani.

Hakimu: Nimesikia pande zote. Kama petroli inapanda na dizeli inasukuma, basi hukumu ya haki ni kuzinunua zote, kuzifunga mgongo kwa mgongo, unapanda na hii, unateremka na ile.

Randa: Hakimu, nachukua moja.

Hakimu: Basi fahali wawili hawakai zizi moja. Maana yake leo lazima mmoja atoke pale yadini.

Nozeli: Na hizi gari za mitumba, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Angalia kama ina kamba ya kuvutia. Isipokuwa na kamba, usichukue.

Plagi: Isipokuwa na kamba maana yake haijawahi kuvutwa!

Nozeli: Au imeibiwa kamba. Gari lililoibiwa kamba litaibiwa na tairi.

Saa ya simu ya Bi Birika ilikuwa inakaribia tano na nusu. Mwenye yadi alitoka, akatazama barabara upande wa kushoto, akatutazama sisi, akaingia ndani. Mara ya tatu hiyo. Asubuhi alikuwa ametufungulia boneti zote mbili, na wote tulivuka barabara, tukaziinamia injini kama madaktari, tukatikisa vichwa. Plagi alivuta waya mmoja. Nozeli alinusa kijiti cha oili. Kisha tukarudi kwenye kahawa.

Randa: Jamani, muda. Niambieni moja.

Hakimu: Tupige kura. Nozeli?

Nozeli: Dizeli. Bluu.

Hakimu: Plagi?

Plagi: Petroli mpaka kaburini. Ila kusema kweli, ile bluu ina milango minne. Mtu anapitisha wageni, anapitisha wakwe. Inaheshimisha.

Hakimu: Mama?

Bi Birika: Bluu inapendeza.

Hakimu: Soli?

Soli ndiyo mimi. Nilitakiwa kusema sijui. Lakini mtu ukikaa kijiweni miaka mingi, neno sijui linapotea mdomoni, huwezi hata kulitafuta.

Mimi: Bluu. Inaonekana ina pumzi.

Hakimu: Hukumu imetoka. Dizeli, milango minne, rangi ya bluu. Nenda, Randa, na usigeuke nyuma. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mwenye guu bovu hawezi klachi.

Randa alivuta pumzi. Alijipigapiga suruali kutoa vumbi la mbao, akateremka kwenye ukingo wa barabara, akangoja lori moja lipite. Mguu mmoja ulishaingia barabarani.

Ndipo akaja Mama Vanishi.

Huyo ni mkewe. Karakana yao ina kazi mbili: Randa anakata na kuunga, mama anapiga msasa na vanishi. Alikuwa ametoka kazini hivyo hivyo, mikono ya kahawia mpaka viwikoni, kipande cha msasa bado kimekunjwa kiganjani, kanga ya kazi imefungwa kiunoni. Harufu ya vanishi ilifika kabla yake.

Mama Vanishi: Hamjambo shemeji zangu.

Sisi: Hatujambo shemeji, karibu.

Mama Vanishi: Nimekaa nasubiri honi, naona kimya. Baba, umeshachagua?

Randa: Nilikuwa ndiyo naenda. Ile ya bluu.

Nozeli: Dizeli hiyo, shemeji. Haina plagi. Unamwachia mjukuu.

Plagi: Milango minne, shemeji. Wewe kiti cha mbele, wageni nyuma.

Hakimu: Tumelichambua suala tangu saa tatu. Uliza chochote.

Mama Vanishi alizitazama pikapu zote mbili ng'ambo ya barabara. Alizitazama kwa muda, kwa jicho lile la kutafuta mahali msasa haujapita.

Mama Vanishi: Basi nina moja tu. Kitanda chetu kinalala chote mle ndani, na mlango wa nyuma ukafungwa?

Nozeli alimtazama Plagi. Plagi alimtazama Hakimu. Hakimu akamtazama Bi Birika. Bi Birika akatazama ndani ya birika. Mimi nikashika kiatu cha watu nikakigeuza geuza, hata hakikuwa na kasoro, nilikuwa nimeshakimaliza tangu jana. Tulikuwa tumetazama pua za magari yale asubuhi nzima. Hakuna mtu mmoja kati yetu aliyekwenda nyuma.

Mama Vanishi: Baba?

Randa aliweka mkono kiunoni. Pale pale kwenye mkanda palikuwa na futi kamba yake, ile ya chuma, anayolala nayo karibu na kitanda. Huyu ndiye mtu anayewafokea wateja wake kwa kutaja vipimo vya kukisia. Aliishika ile futi kamba kama aliyekutana nayo leo.

Randa: Sikupima.

Alilisema polepole, na aibu iliyokuwa kwenye neno hilo ilinipata mpaka mimi chini nilikokuwa.

Nozeli: Apime sasa hivi! Si dakika moja?

Mama Vanishi: Futi iacheni. Akitaja namba mtaibishia mpaka jioni, kwamba inchi za dizeli ni ndefu kuliko za petroli. Inukeni.

Hakimu: Tuinuke wapi, shemeji?

Mama Vanishi: Kwenye kitanda changu.

Wote watatu waliruka kama benchi limewaka moto. Tangu siku ile, hakuna mtu kijiweni aliyewahi kuliita benchi lile kwa jina lake la kwanza.

Mama Vanishi: Hizi mbavu hazikukatwa. Urefu ni ule ule wa vitanda vya shule. Nozeli na Plagi, shikeni huku. Baba, njoo ushike huku kwenye ufa.

Tukavuka barabara. Mbele Nozeli na Plagi, pamoja kwa mara ya kwanza bila kubishana, nyuma Randa peke yake, Hakimu katikati akisimamisha magari kwa taulo la kunyolea. Mimi nilifuata na nyundo, sijui ya nini. Bi Birika akapaza sauti kwamba asiyerudisha kikombe atakikuta kwenye hesabu ya kiyama.

Mwenye yadi alipoona benchi linaingia getini limebebwa na watu watatu, alikimbilia funguo. Akaisogeza ya bluu mbele, akaifungua mlango wa nyuma. Ile milango minne, kumbe, ilikuwa imekula nafasi ya mzigo. Tukaliingiza benchi. Likaenda, likaenda, likagota kwenye kebini, na lililobaki nje lilikuwa kama mkono wangu kuanzia kiwiko mpaka ncha za vidole.

Nozeli: Hamna neno. Unaacha mlango wazi, unakaza kamba, unafunga kitambaa chekundu pale mwisho. Malori yote yanafanya hivyo.

Mama Vanishi aliweka kiganja chake cha kahawia kwenye ufa, pale pale palipochomoza.

Mama Vanishi: Hapa ndipo palipochomoza siku ile, shemeji. Na kitambaa chekundu kilikuwepo. Nilikifunga mimi.

Nozeli alivua kofia. Hakimu aliona utosi aliokuwa akiutafuta asubuhi nzima, na kwa heshima ya mahali akageukia ukuta.

Tukalitoa benchi. Mwenye yadi akaisogeza nyeupe. Hii, kwa kuwa watu wake ni wa safu moja tu mbele, nyuma ilikuwa ndefu kama kibaraza. Benchi liliingia lote, likalala chini, na mwishoni pakabaki nafasi ya kuingiza ngumi. Randa akaushika mlango wa nyuma kwa mikono miwili, akauinua, akaufunga. Ukalia ta! Akaufungua. Akaufunga tena. Ta! Akafungua tena, akafunga tena, na hakuna aliyemwambia aache.

Plagi: Petroli! Si nilisema? Nilisema tangu saa tatu!

Mama Vanishi: Hukusema, shemeji. Wewe ulisema povu.

Mwenye yadi alitazama barabarani kwa mara ya nne.

Sasa nimsifu Nozeli, maana si kila siku anastahili. Alivua shati, akalitundika kwenye kioo cha nyeupe, akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, akaingia chini ya gari la petroli kwa mgongo wake mwenyewe. Tuliona miguu tu. Aliigongagonga chini huko, akamwomba Plagi awashe, akasikiliza, akaomba izimwe, akaomba iwashwe tena. Alipotoka alikuwa na oili shavuni.

Nozeli: Haivuji. Shafti imekaza. Mlio wake safi. Badilisha oili leo hii kabla hujabeba kitu, na hiyo mikanda ya mbele isizidi mwezi. Ichukue, Randa.

Randa: Na petroli?

Nozeli: Itakunywa kidogo kuliko... aa, itakunywa zaidi, sikufichi. Lakini itafika. Na itafika imefungwa mlango.

Randa na mwenye yadi wakapeana mikono saa sita kasoro dakika nane. Yule mteja mwingine aliingia getini wakati sisi tunatoka. Alikuta bluu imebaki peke yake, akauliza kulikoni, na Hakimu akamweleza kwamba fahali mmoja ametoka zizini. Mtu yule hakuelewa, na sijui nani angeelewa.

Sisi tulirudi kijiweni kwa miguu. Tukafika, tukataka kukaa, hakuna pa kukaa. Tulisimama pale wanaume wazima watatu na vikombe mikononi, mimi wa nne kwenye kigoda changu, tunatazama alama nne za miguu ya benchi kwenye vumbi.

Pikapu nyeupe ilitoka yadini polepole. Randa kwenye usukani, Mama Vanishi pembeni yake, mkono mmoja nje ya dirisha. Ilikuja mpaka kwenye kona yetu. Nilijikuta nimesimama. Plagi alishika bega la Nozeli. Randa akakata kona kama anavyokata mbao, bila haraka, na ile nguzo ya umeme ikapita kando ya gari, karibu, ikapita yote, na hakuna kilichogusa kitu. Hakuna mlio. Akasimamisha gari mbele yetu, akazima.

Hakimu: Hongera, bwana! Shusha benchi tukae, tuzungumze habari za matairi.

Walilishusha pamoja, yeye na mkewe, wakalirudisha kwenye alama zake. Hakimu alishaanza kukunja magoti. Bi Birika akamvuta kwa nyuma ya koti.

Bi Birika: Wewe ngoja. Kahawa imebaki kikombe kimoja. Na kina mwenyewe.

Alimimina mpaka machicha yakatoka, akampa Randa. Randa alikipokea. Alilitazama benchi kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Akapitisha kidole kwenye ule ufa, mara moja tu, kisha akaketi. Akanyoosha miguu mbele. Mama Vanishi akaketi pembeni yake, msasa bado mkononi, na sisi wengine tukabaki tumesimama, hata Hakimu.

Miguu ya Randa ilikuwa karibu na uso wangu sasa. Ncha nilizomwekea wiki mbili zilizopita zilikuwa zimeshalika tena, nusu yake imeondoka na vile vitanda vya mwisho vya mkokoteni. Visigino vizima, kama kawaida.

Mimi: Randa.

Randa: Naam, Soli.

Mimi: Hizo ncha nitakuwekea kwa mara ya mwisho. Kuanzia sasa utakuwa unaniletea kisigino cha kulia.